Mambo ya Nyumbani: Nguo za Jamaa Pasipo Deni

Katika matumizi yote ya nyumba hakuna kinachomdanganya mtu kwa upole kama nguo. Chakula kikiisha, chungu chenyewe husema. Kodi ya nyumba ina siku yake, na ada ya shule ina karatasi yake. Lakini nguo hazina siku wala karatasi. Leo hununuliwa shati la mtoto, kesho leso, juma lijalo viatu, na kila kimoja peke yake chaonekana kuwa kidogo. Mwaka ukiisha, baba hajui fedha zimekwenda wapi, na mama hajui kwa nini sanduku limejaa na watoto bado hawana la kuvaa. Hasara hii humpata karani apokeaye mshahara kila mwezi, na humpata vile vile mkulima auzaye korosho zake kwa msimu.

Kisiwa cha Mombasa ni mahali pafaapo kutazamwa katika jambo hili. Kwa karne nyingi nguo zimeshuka kwa majahazi katika bandari yake ya kale, na hata sasa mtu atokaye Mji wa Kale kwa miguu hafiki mbali kabla ya kuingia Mtaa wa Biashara, ambako maduka ya leso yamepangana pande mbili za njia. Mahali penye nguo nyingi ndipo penye vishawishi vingi. Ndipo pia walipo akina mama waliojifunza tangu zamani namna ya kuifanya nguo moja itumike miaka mingi, na maarifa yao yafaa kujulikana hata na watu wa bara.

BEI YA DUKANI NA BEI YA KWELI

Watu wengi hudhani ya kuwa nguo ya bei ndogo ndiyo nguo rahisi. Sivyo. Bei ya kweli ya nguo ni fedha zilizotolewa zikigawanywa kwa idadi ya mara itakazovaliwa. Uchukuliwe mfano wa mashati mawili. La kwanza lauzwa shilingi 300, lakini likishavaliwa mara 20 limechujuka rangi na mishono imeachia. Kila lilipovaliwa limegharimu shilingi 15. La pili lauzwa shilingi 900, nalo lavaliwa mara 150 kabla ya kuchakaa. Kila mara limegharimu shilingi 6 tu. Kabla shati la pili halijachakaa, aliyechagua la kwanza atakuwa amehitaji mashati manane, yaani shilingi 2,400. Huyo ndiye aliyedhani ya kuwa anaweka akiba.

Walakini, si kila kilicho ghali ni kizuri, na hapo ndipo yapasa kuijua nguo kwa mkono na kwa jicho. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani walileta pwani kitambaa chao cha pamba, kikaitwa marikani, nacho kilipendwa kwa sababu ya ugumu wake. Wazee hawakukinunua kitambaa kwa kukitazama tu. Walikifikicha pembe moja kati ya viganja, kwa kuwa walijua ya kuwa kitambaa hafifu hutiwa dondo nyingi ili kionekane kizito. Kikifikichwa, unga huanguka na wepesi wake hudhihirika. Jaribio hilo halijapoteza faida yake. Tena nguo iinuliwe mbele ya mwanga, ionekane kama mtande na mshindio vimeshikana au vimeachana kama wavu. Ipinduliwe, itazamwe kama mshonaji ameacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Mwisho, kitambaa cheupe kilicholoweshwa kisuguliwe pembeni mwa nguo. Kikitoka na rangi, nguo hiyo itazichafua nguo nyingine zote siku itakapofuliwa.

DOTI MOJA, KAZI NYINGI

Hakuna nguo inayofunza uwekaji wa akiba kuliko leso, ambayo Unguja na mahali pengi pa bara huitwa kanga. Huuzwa kwa doti, yaani pande mbili zilizoungana, kila upande ukiwa na urefu wa kama mita moja na nusu na upana uzidio mita moja kidogo. Kila upande una pindo, mji wa katikati, na jina. Katika Mtaa wa Biashara duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limejulikana pwani yote kwa leso zenye alama ya “Mali ya Abdulla.” Neno leso lenyewe latokana na lugha ya Kireno, maana yake kitambaa cha mkono, na yasimuliwa ya kuwa wanawake wa pwani walivinunua vitambaa vya namna hiyo wakaviunga pamoja kuwa nguo moja. Ikiwa ni hivyo, basi leso ilizaliwa kwa akili ya kuunganisha vidogo vikawa kikubwa.

Mama mwenye hesabu huipandisha leso cheo, kisha huishusha polepole. Ikiwa mpya, ni nguo ya kutokea: harusini, maulidini, na kwenda kumtazama mzazi aliyejifungua. Rangi ikianza kufifia, yawa nguo ya nyumbani, upande mmoja kiunoni na wa pili kichwani. Ikizidi kuzeeka huingia jikoni, ikawa kinga ya moshi na mafuta. Wakati huo imekwisha kufuliwa mara nyingi na kulainika, na ulaini huo hauuzwi dukani. Ndipo hufaa kuwa mbeleko ya mtoto, au kukatwa vipande vya kumwinda na kumpangusia mtoto mchanga, ambaye ngozi yake haistahimili kitambaa kipya. Baadaye hufanywa foronya, au kata ya kutwikia ndoo, na mwisho wake huwa tambara la kupangusia sakafu.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuivaa leso mpya jikoni, kwa sababu doti nyingine itanunuliwa mwezi ujao. Mwenye kufanya hivyo ameiruka miaka ya kwanza ya nguo yake, na miaka hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko yote. La pili ni kununua kwa ajili ya jina peke yake. Jina tamu huwachekesha mashoga na kumchoma jirani, lakini halifyonzi jasho. Katika joto la Mombasa leso ya pamba hupumua, na ile iliyochanganywa nyuzi za kiwandani hushika mwilini. Basi jina lisomwe baada ya kitambaa kuguswa.

NGUO ZA WATOTO NA SARE ZA SHULE

Mtoto huiacha nguo kwa sababu mbili: ameichakaza, au ameizidi kimo. Kwa ile ya pili dawa ipo. Gauni la msichana na suruali ya mvulana vikipindwa ndani upindo wa inchi tatu, ukashikizwa kwa mishono mirefu ya mkono, upindo huo waweza kushushwa kidogo kila mwaka. Fundi wa cherehani aambiwe tangu mwanzo, kwa kuwa akikata kitambaa kifupi hakuna awezaye kukirefusha.

Kanzu nayo ina faida isiyojulikana na wengi. Imeshonwa kwa vipande: badani mbele na nyuma, taharizi za ubavuni, na kikwapa chini ya mkono. Kanzu ya baba huchakaa kwanza shingoni, mikononi na chini inapogusa ardhi, hali badani zake bado ni nzima. Ikifumuliwa kwa uangalifu, hutoka kanzu kamili ya mtoto wa chuoni, na gharama yake ni uzi na ujira wa fundi tu. Shuka ya kitanda iliyochakaa katikati vile vile hukatwa kwa urefu, kingo mbili zilizo nzima zikashonwa pamoja zikawa katikati, nayo hulaliwa tena miaka miwili mitatu.

Kuhusu sare za shule, jambo lenyewe ni kubwa kuliko fedha. Januari mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa ada katika shule za msingi, lakini sare ilibaki kuwa juu ya mzazi. Mwaka huo huo wataalamu walianza kuwagawia sare bure wanafunzi wa darasa la sita katika baadhi ya shule za magharibi ya Kenya, kisha wakawafuata kwa miaka. Baada ya miaka mitatu, katika shule zisizopewa sare wasichana 19 katika kila mia walikuwa wameacha shule. Katika shule zilizopewa, walikuwa 16. Wasichana watatu katika kila mia walibaki darasani kwa sababu ya nguo. Mzazi anayetoa fedha za sare kwa ajili ya mapambo ya harusi na azikumbuke hesabu hizo.

Kwa hiyo katika mgawanyo wa fedha za nguo, sare iwe ya kwanza. Inafaa mtoto awe na mbili, kwa maana sare moja hufuliwa usiku ikavaliwa mbichi asubuhi, ikaoza upesi. Afikapo nyumbani aivue kabla ya kwenda kucheza. Na wazazi wa mtaa mmoja wenye watoto wa shule moja wapeane sare zilizowabana wakubwa. Hakuna aibu katika jambo hilo, kwa kuwa sare zote ni za rangi moja na hakuna ajuaye iliyokuwa ya nani.

MITUMBA NA HADHARI ZAKE

Kilindini, upande wa magharibi wa kisiwa, ndiko yanakoshukia marobota ya mitumba yanayovaliwa Kenya nzima. Mwaka 1919 mtu angalicheka kuambiwa. Mwaka 2019 ziliingia nchini kama tani 185,000. Watu wa kisiwani huvuka daraja la Nyali kwenda kuchagua katika soko la Kongowea, na wengi hupata huko koti au suruali nzuri kuliko mpya ya bei ile ile. Hakuna sababu ya kuidharau nguo ya mtumba. Imekwisha kufuliwa, kwa hiyo kama ingeweza kuruka au kuchuja rangi, ingekuwa imekwisha kufanya hivyo.

Lakini mtumba huchaguliwa kwa subira. Itazamwe chini ya makwapa, kwenye makalio, kati ya miguu na kwenye magoti, kwa kuwa hapo ndipo nguo inapokufa kwanza. Zipu ifunguliwe na kufungwa mara tatu. Nguo za ndani zinunuliwe mpya. Nguo yo yote ya mtumba, hata ikinukia vizuri, ifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Hatari kubwa ya mtumba, hata hivyo, imo katika urahisi wake. Mtu aliyekwenda kutafuta suruali moja hurudi na mashati matano asiyoyahitaji, akisifu bei yake. Shati la shilingi 100 lisilovaliwa ni ghali kuliko shati la shilingi 900 livaliwalo kila juma. Tena mwezi wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba mpaka Agosti, na watu wakaona ya kuwa mlango huo nao waweza kufungwa. Nyumba isitegemee soko moja peke yake.

KUFUA NA KUHIFADHI

Nguo nyingi haziuawi na kuvaliwa. Huuawa na kufuliwa vibaya. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, nayo hukataa povu, hivyo mfuaji huongeza sabuni na kuzidisha kusugua. Maji hayo yatumike kwa kuloweka na kuondoa vumbi la kwanza. Maji matamu yawekwe kwa sabuni na kwa suuzo la mwisho, ili chumvi isibaki ndani ya nyuzi. Leso mpya iloweshwe peke yake kwanza, mpaka maji yatoke safi. Nguo za rangi zianikwe kivulini na zikiwa zimepinduliwa, kwa kuwa jua la pwani hula rangi kuliko sabuni. Nyeupe ndizo zianikwe juani.

Masika ikiingia, nguo zilizofungiwa sandukuni hufanya kawa, yaani madoadoa meusi yasiyotoka. Zisiwekwe kabisa zikiwa na unyevu. Kila siku ya jua zifunguliwe zipate hewa. Kufukiza udi huzitia nguo harufu njema, lakini hakukaushi unyevu.

Tena, katika kila nyumba iwepo sindano, uzi wa rangi tatu au nne, na kopo la vifungo vilivyong'olewa katika nguo zilizokwisha. Mshono ulioachia kwa urefu wa ukucha hushonwa kwa dakika tano. Ukiachwa mpaka nguo ifuliwe, huwa urefu wa shibiri. Tundu dogo litililiwe kabla halijahitaji kiraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na msemo huo wahusu nguo kama uhusuvyo nyumba. Wavulana nao wafundishwe kutia kifungo. Baharia na askari hushona nguo zao wenyewe na hakuna awachekaye.

STARA NA ISRAFU

Wako watakaosema ya kuwa maneno haya yawahukumu maskini waende wamevaa ovyo. Hasha. Watu wa pwani wana sababu ya kuipa nguo heshima. Kabla ya utumwa kukomeshwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, watumwa walivaa marikani isiyotiwa rangi au kaniki. Walipopata uhuru, wengi waliiacha kaniki wakavaa leso za rangi, ili kila awaonaye njiani ajue ya kuwa hawana bwana. Mjukuu wa watu hao akipenda kutoka nyumbani akiwa nadhifu, asiitwe mpumbavu.

Ila stara ni jambo moja na mashindano ni jambo jingine. Katika karne ya 20 vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa karamu na kwa mavazi, na fedha nyingi ziliteketea kwa ajili ya kulishinda kundi la pili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, aliwaonya watu juu ya israfu katika magazeti yake ya Sahifa, la mwaka 1930, na Al-Islah, la mwaka 1932. Ngoma zile zimenyamaza, lakini mashindano hayakufa. Yamehamia katika sare za harusi. Bibi harusi ni mmoja, na shangazi, mabinamu na mashoga zake wote huambiwa washone nguo ya kitambaa kimoja, pengine moja kwa kila siku ya sherehe. Aliye na uwezo hushona akasahau. Asiye na uwezo hukopa, kwa kuogopa kuulizwa kwa nini hakuvaa.

Wenye harusi ndio wawezao kulimaliza jambo hili. Wakichagua sare ya leso badala ya gauni, kila aliyealikwa atakuwa na nguo ya kutumia miaka mingi baada ya harusi. Wakichagua sare ya siku moja tu, wamewaokoa jamaa zao na gharama za siku nyingine. Na mwenye kualikwa awe na ujasiri wa kusema mapema, kwa adabu, ya kuwa atahudhuria kwa nguo aliyo nayo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga. Na nguo ya deni ni ya kuazima, ijapokuwa imeshonwa kwa kipimo cha mwenyewe.

AKIBA YA IDI NA DAFTARI LA NGUO

Idi haimjii mtu kwa ghafula. Tangu Mfungo Mosi mpaka Shaabani ni miezi kumi na mmoja, na mwenye kuweka shilingi 300 kila mwezi atauona mwezi wa Ramadhani akiwa na shilingi 3,300 mkononi. Tena aende kwa fundi katika Rajabu. Katika kumi la mwisho la Ramadhani mafundi huelemewa, na kazi ya haraka hutoka na mishono mirefu ambayo itaachia kabla ya Mfungo Tatu. Mkristo afanye vivyo hivyo kwa Krismasi. Mkulima asiye na mshahara atenge fungu la nguo siku ile ile auzapo mazao, kabla fedha hazijazoea mfuko. Nalo asiliguse kwa jambo jingine isipokuwa ugonjwa.

Mwisho, iwekwe daftari. Karani azoeaye kuandika mali ya ofisi hashindwi kuandika ya nyumbani kwake. Mistari minne yatosha: jina la nguo, ya nani, bei na siku iliyonunuliwa, na siku ilipokoma kuvaliwa. Kabla ya kununua kitu kipya, mume na mke wakae pamoja walifungue sanduku na daftari, waone ni nini kilichopo, nini chaweza kutengenezwa, na nini hakina budi kununuliwa. Mwaka mmoja ukipita watajua ni nguo za namna gani zilizodumu nyumbani mwao na ni zipi zilizowala fedha. Fedha zitakazosalia wazigawe mara moja, kwanza kwa sare na vitabu vya mwaka ujao, kisha kwa akiba.